Mgomba wa Protase

Serikali ya Mwingereza ilipoamuru kila mgomba wenye fukusi ung'olewe, Kokugonza wa Muleba hakushtuka. Nani kijijini alitunza migomba kama yeye? Na ule wa mwanawe Protase, ambao kondo la nyuma lilizikwa chini yake siku alipozaliwa, aliufunika kwa nyasi nyingi kuliko yote. Tangu barua ilipoleta habari kwamba Protase amefia vitani Burma, hakuwa na kaburi jingine la kutunza.

Bwana shamba Zahoro, kijana mgeni kutoka Miembeni, alifukua nyasi za mgomba huo, akachanja shina. Fukusi wakamwagika.

"Mama, umezijaza nyasi mpaka shinani. Humo ndimo wanamozaliana."

"Kwa hiyo nimemuua mimi?"

Zahoro hakuelewa. "Ni mgomba tu, mama. Serikali itakupa miche mipya."

"Serikali!" Kokugonza alifoka. "Ilinichukulia mwanangu, leo inaniletea miche!"

Vibarua waling'oa shina lote, wakalikatakata, wakaliacha juani likauke, kama amri ilivyosema.

Kwa miaka tisa Kokugonza alikataa kuweka matanga, kwa kuwa hakuletewa maiti. Jioni ile alizikusanya zile nyasi zilizofukuliwa, akazitandaza sakafuni kama wafanyavyo wafiwa, akakaa juu yake. Jirani yake Immakulata alipochungulia mlangoni, Kokugonza alimwambia kwa sauti ndogo:

"Waambie watu kesho wasishike jembe. Nimefiwa."