Nilivyokataa Ndafu ya Binti Yangu

Niko Kariakoo miaka ishirini na mbili. Niliishia darasa la saba, leo nina maduka matatu ya vitenge, na nilikuwa naapa mji huu hauna cha kunishangaza.

Daktari aliponiandikia sindano za kupunguza mwili, alisema nianze na dozi ndogo mwezi mzima. Nikamwambia, "Dokta, mimi mtu wa jumla, rejareja siijui." Nikajidunga mbili kwa mpigo, kwa siri, ili suti ifunge vifungo kwenye sherehe ya kumuaga binti yangu Neema.

Ilifunga. Ila sisi Wachaga tunalishana ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, na mama wa bwana harusi akanijia na kipande kinachochuruzika mafuta. Kwa harufu tu nikageuza uso; tangu zile sindano, mafuta nilikuwa siyawezi.

"Nimeshiba, mama."

Hakushusha mkono. "Baba Neema, unaukataa mkono wangu au unamkataa mwanangu?"

Neema akaanza kulia. Nikafumba macho, nikameza. Kikarudi hapohapo na vyote nilivyokula tangu juzi, juu ya gauni la mama wa watu, na maikrofoni ya MC iko kidevuni kwangu.

Mke wangu akaichukua. "Jamani, msimfikirie vibaya. Anajidunga sindano za kukonda, kazijaza kwenye friji anadhani sizioni."

Ndoa ipo. Gauni nimelilipa shilingi 485,000.