Chuma kwa Ngano

Gemu tuliyokuwa tukicheza ilikuwa ya kujenga miji. Kila mchezaji anapewa kisiwa na watu wachache, na kuanzia hapo anakata mbao, anachonga mawe, analima ngano, anachimba chuma. Hakuna kisiwa chenye kila kitu. Anayejua kupigana lakini hajui kununua na kuuza hafiki mbali.

Tulikuwa watatu. Mwenye kompyuta alikuwa dada mmoja mwenye steshenari karibu na stendi ya Mbinga, mjane, aliyenizidi umri kidogo. Fundi aliyemtengenezea mashine ndiye aliyeiacha gemu humo, naye akaizoea wakati anasubiri wateja. Mimi nafundisha sekondari. Nilikwenda kwake kuchapa mitihani, nikaiona kwenye skrini, nikakaa. Wa tatu alikuwa bwana shamba, mtu mzima, Mnyasa wa Ngumbo, kule ziwani, ambaye alifanya kazi huku juu milimani hadi Kimatengo kikamkaa mdomoni kuliko wanafunzi wangu. Huko Namswea nilikozaliwa walimjua kwa pikipiki yake, na kwa tabia yake ya kukaa chini na mkulima, amsikilize kwanza, ndipo aiguse mibuni yake.

Jumapili mchana, sisi wawili tukitoka misani na yeye akitoka kwa Waanglikana wenzake, tulikutana steshenari. Dada alikuwa anarudisha mlango nusu, anaunganisha kompyuta tatu kwa waya, na tunaanza.

Kabla ya Bwana Shamba kujiunga nasi tulikuwa tumezoea kucheza na mashine yenyewe. Mashine nilikuwa naishinda kila mara. Ilishambulia kwa njia ileile, iliuza mbao kwa bei ileile, na ukiipiga leo, kesho imeshasahau. Bwana Shamba hakuwa anasahau. Mara ya kwanza aliniuzia ngano kwa bei ya chini mno, nikaona kulima ni ujinga. Nikawatoa watu wangu wote mashambani, nikawapeleka kuchonga mawe. Kuta zangu zikapanda, nikajiona mjanja. Ghafla meli zake za ngano zikaacha kuja. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole kwamba mavuno hayakuwa mazuri, ila akipata mawe kidogo anaweza kunifikiria. Watu wangu wakaanza kufa njaa ndani ya kuta nzuri. Nikampa mawe, nikampa na mbao, mwishowe nikampa bandari. Hakuwa ametumia askari hata mmoja.

Baada ya mchezo alitueleza, akichovya andazi kwenye chai, kwamba yeye haangalii mtu ana nini. Anaangalia mtu anaona aibu kuomba nini. Mimi nilikuwa nikiishiwa mbao nanyamaza. Dada akijiandaa kwa vita alianza kusimulia habari za watoto wake. Yote hayo alikuwa anayasoma bila kugeuza shingo. Kitu kimoja hakukiuza kamwe, nacho ni chuma. Alisema kumuuzia mwenzako chuma ni kumchongea panga la kukukata mwenyewe.

Nasi tukajifunza. Tulijifanya tuna njaa wakati maghala yamejaa. Mimi na dada tuligombana kwa uongo ili aingie katikati yetu kununua kwa wote wawili, kisha tukamfungia bandari. Naye mara moja alilaza kichwa mezani, akasema kinamuuma sana, tukapunguza mashambulizi kwa huruma. Alipoinua kichwa alikuwa ameshachukua bandari ya dada. Tulicheka mpaka mteja wa kutoa kopi akachungulia kuona kuna nini. Nadhani tulikuja pale kwa ajili ya hilo hasa: kudanganywa na mtu anayekufahamu, na kumdanganya.

Mabadiliko yalianza msimu wa kahawa, mji umejaa watu na malori. Jumapili moja Bwana Shamba akaniuliza kama nitampa ngano anipe chuma. Nilishtuka. Ngano alikuwa nayo tele, ilionekana wazi kwenye soko letu. Nikamwangalia dada, dada akaniangalia. Nilikataa, nikaongeza kuta, nikaweka askari ufukweni, nikasubiri pigo. Pigo halikuja. Jumapili iliyofuata akaniuliza vilevile, kwa sauti ileile, kama vile hajawahi kuniuliza.

Dada ndiye aliyethubutu. Alitoa ngano, akapokea chuma, akatengeneza silaha, na kabla jua halijashuka alikuwa ameuteka mji wa Bwana Shamba ambao hatukuwahi hata kuusogelea. Bwana Shamba alimpongeza kwa adabu. Dada hakufurahi. Tulipobaki wawili tukizima mashine, aliniambia kwamba meli zake zilitokea magharibi, upande wa kushoto wa ramani, na huko hakukuta ulinzi wowote. Migodi ya upande huo ilikuwa haijaguswa. Mnara mmoja ulikuwa unaungua tangu mwanzo wa mchezo na hakuna aliyeuzima.

Wiki ile nilikutana na Bwana Shamba njiani karibu na soko, nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Naye akanijibu, "Shikamoo." Nikadhani ni utani. Lakini alikuwa amesimama anasubiri niitikie.

Jumapili tulipokutana tena dada hakutaka kucheza kwa muda mrefu. Katikati ya mchezo alipunguza sauti ya spika, akageuza kiti chake.

"Mzee, upande huu wa kushoto unauona?"

"Naona kila kitu."

"Meli zangu zimekaa bandarini kwako tangu tulipoanza. Hujazigusa."

Bwana Shamba aliangalia skrini. Nikaona macho yake yanatembea mpaka katikati, yanasimama hapo, yanarudi kulia. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu aliyegundua mtego.

"Mnataka niamini kwamba naumwa, ili nitetereke," alisema. "Hiyo mbinu nimewafundisha mimi."

Nilimwambia kwamba sasa hatuchezi, kwamba tunamwomba aende hospitali akapimwe macho, akapimwe na kichwa. Kadiri nilivyobembeleza ndivyo alivyozidi kuona naigiza vizuri. Hata machozi ya dada aliyasifia. Sijawahi kujiona mnyonge kama siku ile. Tulikuwa tumedanganyana kwa miaka katika chumba kile, na sasa ukweli haukuwa na mlango wa kuingilia.

Akainuka, akavaa koti. Mkono wa kulia uliingia. Mkono wa kushoto wa koti ukabaki unaning'inia mgongoni, naye akatoka nje akiamini amevaa. Nilimfuata, nikashika usukani wa pikipiki yake, nikamsihi aiache nimpeleke nyumbani. Akauondoa mkono wangu taratibu, bila hasira, akaondoka.

Wiki haikwisha. Aliingia mtaroni na pikipiki, upande wa kushoto wa barabara, mahali pasipo na kona wala shimo, akavunjika mtulinga. Hospitalini walikuwa wanashughulikia mfupa, lakini daktari mmoja akaona jinsi anavyogeuza kichwa, akaanza kumuuliza maswali mengine.

Mkewe nilimkuta kwenye benchi nje ya wodi. Alinisimulia kwamba kwa miezi kadhaa mumewe alikuwa akila nusu ya sahani tu, nusu ya kulia, kisha analalamika kwamba siku hizi anapunjwa ugali. Mwanzoni aligombana naye. Baadaye akagundua kwamba akiigeuza sahani, mumewe anaendelea kula kama vile ameongezewa. Basi akawa anaigeuza kila mlo, akidhani ni uzee tu umeanza kumsumbua. "Ningejuaje, Mwalimu," alisema. Mimi na dada tulikuwa tumeona jambo lilelile kwenye ramani ya visiwa, tukajenga kuta.

Walimpeleka Songea, kutoka Songea akapelekwa Dar es Salaam. Jibu lililorudi lilikuwa uvimbe kichwani, mkubwa, mahali ambapo madaktari hawakutaka kupasua. Walimpa dawa za kupunguza maumivu. Aliomba asirudishwe Mbinga. Alitaka kwao, Ngumbo.

Tulikwenda kumwona shule zilipofunga. Tuliteremka hadi Mbamba Bay kwa basi, tukabadili gari kuelekea kaskazini kando ya ziwa. Dada alipakata kompyuta yake ndogo njia nzima, hataki hata kuiweka chini. Nyumba ya wazazi wa Bwana Shamba ilikuwa juu kidogo ya ufukwe. Dagaa wa usipa walikuwa wameanikwa uani kwenye vichanja, na harufu yao ilitufikia kabla hatujapiga hodi. Bwana Shamba alikuwa barazani kwenye kiti cha kamba, amekonda, shati limefungwa vifungo vyote na mkewe. Tulipita tukakaa kulia kwake, kama tulivyoelekezwa.

Alitufahamu. Aliuliza habari za mvua huko juu, na kama mibuni ya baba yangu ilikatiwa matawi. Dada akafungua kompyuta, akaiweka mapajani mwa mzee, akamwambia anaweza kucheza na mashine pole pole, hakuna wa kumsumbua. Aliitazama kwa muda, akaifunga kwa kiganja.

"Hii haihitaji kitu changu chochote," alisema.

Chini watu walikuwa wanavuta wavu. Ndipo akaniuliza kama nina mbao. Sikumwelewa mara moja. Dada alinigusa goti, nikamjibu kwamba ninazo, lakini chache. Akauliza nataka nini. Nikasema ngano. Akatafakari kweli, kama mtu aliye na ghala mbele yake, akakubali. Akamgeukia dada, akamwambia atampa chuma chote kilichobaki, na bandari ya magharibi juu yake.

"Kwa nini, mzee?" dada aliuliza. "Kwa bei hiyo unajipunja."

"Chukua tu. Nimechoka kuilinda."

Dada alikataa. Kwa sauti ndogo, iliyokuwa inakatikakatika, alianza kumpandishia bei yeye mwenyewe, mnunuzi anayebishana ili alipe zaidi. Akaongeza mawe, akaongeza ngano, akaongeza meli. Bwana Shamba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akalala kitini. Hatukujua kama biashara ilifungwa.

Alifariki baada ya sisi kurudi Mbinga. Tulishuka tena kwa mazishi, tukasimama nyuma ya ndugu na wanakwaya wa kanisa lake. Wakulima kadhaa wa Namswea walikuwa wamesafiri usiku kucha kuja, wengine hawakuwahi kuliona ziwa kabla ya siku ile. Mkewe aliponiona alinishika mikono yote miwili.

Baada ya hapo mimi na dada tulijaribu kuendelea. Tulikaa Jumapili moja, kompyuta mbili, kila mtu na kisiwa chake. Aliniomba mawe. Nikaona kwamba nikimpa mawe nimemwimarisha mtu pekee anayeweza kunishinda, kwa hiyo nikakataa. Mimi nikamwomba mbao, naye akakataa kwa sababu hiyohiyo. Tukiwa watatu, kila biashara ilikuwa hasara ya mtu fulani asiyekuwemo, na kwa hiyo wawili walikuwa na sababu ya kuelewana. Wawili peke yao hawana cha kuuziana. Meli zetu zilibaki bandarini. Kila mmoja alijenga alichoweza, akakaa nyuma ya ukuta wake.

Hatukupigana. Akaja mteja anataka kutoa kopi za cheti cha kuzaliwa, dada akainuka kumhudumia. Nilimsubiri kidogo, nikaona ameanza kupanga karatasi za rafu ya juu ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Nikachomoa waya, nikaukunja, nikauweka mezani, nikamuaga.