Rido Lililofika Magotini

Bashe, lile turubai lililoziba mlango wa dushi, bafu la nje la parseli yetu huku Ndosho, ilipochanika, jirani yetu wa chumba cha mwisho aliniletea kikwembe chake kipya ambacho hakuwahi kukivaa. Alikuwa mama wa makamo kutoka Rutshuru, akiishi peke yake. Alijua kwamba najifundisha kushona, kwa kufumua nguo za zamani na kuzirudisha zilivyokuwa.

"Mutoto yangu, tushonee rido. Lakini ifike chini kabisa."

Nilijua kwa nini alitaka pazia refu hivyo. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia paja hadi vidole, ngozi ngumu yenye mikunjo. Katika parseli nzima alikuwa amenionyesha mimi tu, siku moja nilipomkanda kwa maji ya moto. Wengine walimwona akitembea polepole ndani ya vikwembe virefu, basi.

Nilishona siku mbili. Nilipolitundika, lilionekana limepinda. Nikalishusha, nikakata upande uliozidi, nikakunja pindo upya. Likapinda upande wa pili. Nikakata tena. Sikulala vizuri, sikula vizuri. Mara ya tano ndipo nilipotazama chini: dushi letu liko juu ya mawe ya volkano, na mawe ndiyo hayakuwa sawa. Pindo la kwanza lilikuwa limenyooka tangu mwanzo. Sasa rido lilifika magotini.

Jirani alikuja, akalishika pindo.

"Ongeza hata kipande ya ile bashe."

"Itakuwa mubaya, mama. Watu watasema sijui kazi."

Nilikuwa nimekwisha kulipiga picha na kuituma kwa simu ili nipate wateja. Nikamwambia aoge tu, hakuna mtu anayetazama miguu ya mwenzake.

Kesho yake asubuhi aliingia kuoga. Sisi wengine tulisubiri zamu, ndoo mkononi. Dada yangu mkubwa ndiye aliyeanza.

"Mama! Huo muguu wa kushoto unakulaka chakula peke yake?"

"Muache," akadakia mke wa mwalimu, mpangaji mwenzetu. "Ile ni muguu ya bwana yake. Alikimbia, akaisahau."

Parseli nzima ikacheka. Ndani maji yakanyamaza. Tuliona mguu mzuri ukisogea mbele ya ule mwingine kuuficha, ukashindwa, ukajaribu tena. Nami nilicheka. Hakuna aliyenilazimisha. Nilicheka kwa furaha, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyekuwa akitazama pindo langu.

Alitoka na povu la sabuni shingoni. Tangu siku ile akawa anaogea chumbani, ndani ya beseni, mlango umefungwa.

Baada ya wiki mbili nilitafuta kikwembe cha rangi zilezile, nikaunga kipande, nikaenda kugonga kwake.

"Mama, rido inafika chini sasa."

"Bameshaniona," akajibu bila kufungua. "Sasa utafunika nini?"

Ilinipasa kuomba msamaha hapo. Badala yake nilianza kujieleza: kwamba mawe ndiyo yaliyonidanganya, kwamba pale nilipounga hapaonekani kabisa, aje aguse mwenyewe. Nilikuwa bado nasema nilipomsikia akichota maji kwa kopo na kuyamwaga ndani ya beseni, akichota na kumwaga, kwa nguvu, ili asinisikie.