Mzee Valvu na Kitufe Kilichogoma

Mzee Valvu aliingia idara ya maji akiwa na nywele kichwa kizima, akawa sasa amebakiwa na mistari miwili tu juu ya masikio. Miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kufunga na kufungua valvu za mabomba ya maji zilizofukiwa chini ya mitaa ya mji. Zilikuwa sitini na tatu. Ramani ya zamani ililiwa na mchwa, waliozifukia walikwisha kufa, kwa hiyo bomba likipasuka alipigiwa simu yeye. Alikuja na ufunguo wake mrefu wa chuma begani, akahesabu hatua kutoka kwenye nguzo, akakanyaga, akasema, "Chimbeni hapa." Wakichimba, ipo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya mji ule ilikuwa yeye. Alilijua hilo, wala hakuchoka kuwakumbusha wenzake.

Zilipobaki siku tano astaafu, mhandisi wa idara, mwanamke aliyelingana umri na bintiye, alimwita ofisini akamkabidhi kifaa kipya cha GPS, kidogo kama kipande cha sabuni.

"Mzee wangu, hiki kinaongea na satelaiti," alisema. "Simama juu ya valvu, bonyeza hiki kitufe cha pembeni chenye alama ya bendera mpaka kilie. Andika jina lake, nenda kwenye nyingine. Ijumaa uniletee zote sitini na tatu, tukuage kwa heshima."

"Na nisipomaliza?"

Mhandisi akacheka. "Usipomaliza itabidi nikuombee mkataba wa miezi mitatu. Tutafanyaje sasa, si tutakufa kiu?"

Yeye alitania. Mzee Valvu hakusikia utani wowote.

Nyumbani kulikuwa na jambo lingine. Binti yao, aliyeolewa mji wa mbali, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na mkewe Mzee Valvu, fundi cherehani, alikwisha kushona nguo za mjukuu na kufunga begi. Basi lao lilikuwa la Jumamosi, viti viwili. Kila alipomtajia mumewe safari hiyo, mzee aliitikia "naam, naam" kwa uso wa mtu aliyeambiwa atang'olewa jino. Si kwamba hakumpenda mjukuu. Alikuwa anaogopa, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Jumanne asubuhi alisimama juu ya valvu ya kwanza, penye lango la soko, akabonyeza. Kitufe kikazama, kikabaki huko huko. Kifaa kimya. Akabonyeza tena kwa dole gumba lake lote. Kimya. Mtu mwingine angesikitika. Mzee Valvu, niseme ukweli, alifurahi mpaka akaona haya, akageuka kutazama kama kuna aliyemwona.

Hata hivyo asije akaambiwa hakujitahidi. Alitoa betri akazirudisha. Alikizima, akakiwasha. Alifungua kijitabu cha maelekezo na kukisoma kwa makini kurasa sita, zote za Kichina. Alikigonga kidogo kwa ufunguo wake, chuma chenye uzito wa mtoto anayetambaa. Kitufe kikashikilia msimamo wake. Ndipo akakipeleka kwa shemeji yake, fundi redio, kaka wa mkewe. Hakumchagua kwa bahati. Katika historia ya kibanda kile, hakuna kitu kilichowahi kutoka mwaka ule ule kilipoingia.

Fundi redio hakukifungua hata. Alikiweka sikioni, akatikisa kichwa.

"Shemeji, huu ni ugonjwa wa ndani. Kipuri chake mpaka kiagizwe. Wiki sita."

"Sita!" alisema Mzee Valvu kwa majonzi makubwa. "Haziwezi kuwa nane?"

Akampigia mhandisi pale pale. Mhandisi alishangaa kifaa kipya kiharibike siku ya kwanza, akasema lazima kilitoka kiwandani kibovu. "Basi, mzee wangu, kesho asubuhi naiandika ile barua ya mkataba." Mzee Valvu alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Njia ya mwongo ni fupi. Yake iliishia mezani pa mkewe, jioni hiyo hiyo, alipomweleza msiba wa kitufe kwa sauti ya mfiwa.

"Kilete nikione," alisema mkewe bila kunyanyua mguu kwenye cherehani.

"Shemeji kesha—"

"Kaka yangu? Pasi yangu ipo kwake tangu binti yetu yuko darasa la nne, na leo binti huyo ana mtoto. Kilete hapa."

Mama huyu hakujua satelaiti hukaa wapi. Lakini alikuwa ametengeneza cherehani zake mwenyewe miaka ishirini, na alikuwa na imani moja: kitu kikigoma, usikilaumu, kwanza kisafishe. Alivaa miwani, akakigeuzia kifaa dirishani. Akabonyeza, akaangalia kitufe kinavyozama kisipande. Akachukua sindano nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo, akaizungusha taratibu kwenye ukingo wa mpira wa kitufe. Ukatoka unga wa kahawia. Akainama aupulize.

Akapiga chafya. Akapiga ya pili, ya tatu, ya nne, miwani ikamwangukia mapajani. Aliiokota, akautazama ule unga, kisha akamtazama mumewe.

"Huu ni ugoro."

"Vumbi la barabarani hilo."

"Nimefagia barabarani tangu nizaliwe, sijapiga chafya nne. Wewe si uliniapia mbele ya mkweo kwamba umeacha? Hiki kifaa ulikiweka mfuko gani?"

Mkono wa Mzee Valvu ulikwenda wenyewe ukafunika mfuko wa kushoto wa shati.

Mkewe aliendelea na kazi. Alifuta kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, akabonyeza na kuachia, akabonyeza na kuachia, mpaka kitufe kikaanza kupanda chenyewe. Kifaa kikalia: tii! Akaruka kwa furaha. Alipogeuka, akamkuta mumewe ameinamisha kichwa.

"Baba, mbona huna furaha?"

"Ninayo."

"Uso huo nimeishi nao miaka thelathini na minne. Sema."

Akasema, macho yake yakiwa sakafuni. "Hiki kikishajua zote, mimi nitakuwa wa nini? Simu haitalia tena. Nitakaa kwenye kiti kwa mkwe, wakifagia wananisogeza."

Mkewe alikuwa na maneno tele ya ugoro, ameyapanga vizuri. Yote akayameza.

"Kesho nafunga cherehani," alisema. "Tunakwenda wote. Dole lako limezoea chuma, mimi nitabonyeza. Wewe nionyeshe."

Kwanza alimpa simu. Mzee Valvu alimwambia mhandisi kifaa kimepona, barua isiandikwe.

"Kilikuwa na nini?" mhandisi akauliza.

"Vumbi." Mkewe akakohoa. "Ugoro," akasema Mzee Valvu. "Wangu."

Jumatano na Alhamisi walizunguka mji, yeye na ufunguo begani, mkewe na mwavuli na kifaa. Walimwinua mteja wa kinyozi akiwa amenyolewa upande mmoja, kwa sababu valvu ilikuwa chini ya kiti chake. Kila walipofika, mume alieleza: hii ilifungwa kinyume, inageuzwa kushoto, hii ukiikazia inalia, usiogope, hii usiifunge zaidi ya nusu, maana ndiyo inayolisha hospitali. Mkewe alidonoa herufi moja moja kwenye kioo, ulimi nje.

"Andika namba tu, mke wangu, jua linatuwakia."

"Nyamaza. Endelea kusema."

Penye valvu ya arobaini mkewe alisimama akamtazama kana kwamba wametambulishwa siku ile. "Miaka yote hii," alisema, "mimi nilidhani kazi yako ni kutembea na chuma."

Ya sitini na tatu ilikuwa nyuma ya kinu cha kusaga. Mzee Valvu aliipita. Akaipita kwa hatua kumi nzima, mkewe akamwacha, hakumwita. Kisha alirudi mwenyewe, akachukua kifaa, akabonyeza kwa dole lake. Tii. Akauweka ufunguo begani, akasema, "Basi."

Ijumaa kulikuwa na soda, viti vya kuazima, na saa ya ukutani kwa ajili ya mtu ambaye sasa hakuwa na haraka ya kwenda popote. Mhandisi aliunganisha kifaa na kompyuta, wafanyakazi wakamzunguka. Alama zikajitokeza mtaa kwa mtaa. Akasoma kwa sauti: "Kinyozi. Geuza kushoto. Mwombeni kwa upole, ana hasira." Wakacheka. Akasoma ya hospitali, hawakucheka. Akasoma nyingine na nyingine, na mafundi wakaanza kutafuta kalamu.

Halafu mhandisi akakunja uso. "Mzee wangu, hapa ziko sitini na nne."

"Sitini na tatu."

"Kuna hii nje ya mji, huku kwenye nyumba za watu. Hatuna bomba kuu huko." Akaifungua, akasoma polepole: "Mzee Valvu. Anaishi hapa, mlango wa bluu. Wiki tatu za kwanza hayupo, amekwenda kumshika mjukuu. Baada ya hapo mkikwama pigeni hodi. Anachelewa kufungua, msiondoke."

Chumba kizima kilimgeukia mkewe, aliyekaa na soda yake. Yeye alikuwa anasoma maandishi ya kwenye chupa, neno kwa neno.

Mhandisi alishika kipanya. "Hii haimo kwenye orodha. Niifute?"

Mzee Valvu alisimama. Alikuwa ameandaa hotuba ya kurasa mbili, imo mfukoni.

"Usiiguse," alisema, na hotuba ikaishia hapo.