Nyonga ya Wifi

Watu huoneana wivu kwa nyumba, kwa nywele, kwa waume. Mimi namwonea wivu wifi yangu kwa nyonga. Ndiyo, nyonga, ile ya kushoto, ambayo wala hakuzaliwa nayo. Aliwekewa hospitali na daktari yuleyule aliyeniwekea yangu, katika chumba kilekile cha upasuaji, ila yeye akatoka na nyonga na mimi nikatoka na masharti.

Ngoja nimweleze, maana mtu unayemwonea wivu ndiye unayemjua vizuri. Ni dada wa mume wangu. Ana mifupa mipana na sauti ya kumrudisha mteja aliyekwisha kata kona. Hula chungwa huku anakata kitambaa cheupe, na hajawahi kukidondoshea hata tone, jambo ambalo nalo linaniudhi. Alianza kwa kurekebisha sare za shule nyumbani kwake. Mumewe alipofariki akahamishia cherehani yake kwenye chumba changu cha kazi, tukaweka meza kubwa ya kukatia katikati, na tangu hapo tunashona magauni ya harusi. Yeye alikata na kuunganisha. Pindo lilikuwa langu.

Asiyeshona atauliza, pindo ndilo nini? Pindo ndilo gauni. Bibi harusi husimama sakafuni na viatu vyake vya siku hiyo, na fundi humchuchumalia miguuni, pini mdomoni, akizunguka taratibu na kubana kitambaa kidogokidogo. Ukikosea upana wa ukucha, gauni linafagia upande mmoja na kuning'inia upande wa pili, na picha hazisahau. Kwetu anayeshika pindo ndiye mwenye gauni. Mtaa mzima waliniita Mama Pindo.

Halafu nyonga yangu ikaisha. Daktari wa mifupa akaikata, akaweka ya chuma na plastiki, na nilipozinduka akanisomea masharti. Usichuchumae. Usikalie kiti kifupi. Usikunje mguu juu ya mwenzake. Ukilala ubavu, weka mto katikati ya mapaja. Nikamuuliza nimeruhusiwa kupumua? Akacheka, nami sikuwa natania.

Wifi akashika pindo. "Kwa muda tu, wifi yangu," alisema. Nyonga yake na yeye ilipoanza kumuuma nilimpa pole kwa mdomo, moyoni nikasema haya, sasa tutakuwa sawa. Akapasuliwa, akauguza kidonda, akatembelea magongo, akayaacha. Asubuhi moja bibi harusi akasimama, na wifi yangu akachuchumaa.

Nilidhani nitamsikia akilia. Alizunguka gauni zima akiimba.

"Wewe daktari hakukukataza?" nilimuuliza.

"Kaniambia niwe na adabu tu, nisijitupe. Kaniwekea kichwa kikubwa cha nyonga, wifi. Kikubwa hakitoki ovyo."

Roho iliniuma mpaka nikashindwa kutia uzi kwenye sindano. Siku chache baadaye akaja mteja mlangoni, anamtafuta Mama Pindo. Nikamwambia ndiye mimi, karibu. Akaniangalia juu mpaka chini. "Hapana, dada," akasema, "yule mnene."

Nilijikaza kisabuni. Lakini kitindamimba wangu alipochumbiwa, nilisema mbele ya mume wangu na mbele ya dada yake: gauni tutashona wote, ila pindo la mwanangu nitashika mimi.

"Utashikaje?" wifi akauliza. "Mimi ni shangazi yake, si mtu baki. Wewe kaa kwenye kiti chako kirefu uniangalie."

Uniangalie! Mtoto nimzae mimi, niangalie.

Siku ya kupima, wifi alitoka kwenda kununua lesi iliyopungua. Mwanangu alikuwa amesimama tayari, gauni limemwagika miguuni. Nikajisemea kwamba nyonga ni nyonga, na kama mpana yule anaweza, mimi mwembamba nashindwa nini? Nikatia pini mdomoni, nikashika ukingo wa meza, nikashuka. Mwanangu akasema, "Mama, shangazi anarudi sasa hivi." Neno hilo ndilo lililonishusha mpaka chini kabisa. Nilibana pini ya kwanza. Nilipojipinda kufikia ya pili, nikasikia kitu kikigonga ndani ya paja, halafu kikatoka. Sina namna nyingine ya kusema, kilitoka. Mguu ukageukia ndani na kuwa mfupi, na maumivu yakaja hata nikasahau nina pini mdomoni. Wifi aliingia na lesi yake akanikuta sakafuni. Jambo la kwanza alilofanya ni kunitoa pini kinywani, moja moja, kwa vidole vinavyonuka chungwa.

Hospitali walinilaza usingizi, wakauvuta mguu, nyonga ikarudi mahali pake. Kesho yake daktari alipopita, sikumsalimu vizuri.

"Kwa nini yeye ulimpa kikubwa na mimi ukanipa kidogo?"

Hakuona haja ya kuuliza yeye ni nani. Alileta vikombe viwili vya nyonga bandia vya kuonyeshea na vichwa vyake vya duara, kimoja kama ndimu changa, kingine kikubwa zaidi. Akavizungusha mbele yangu. Kikubwa lazima kisafiri mbali ndani ya kikombe kabla ya kuruka ukingo. Kidogo kinafika ukingoni upesi. Tena ukijipinda sana, shingo ya chuma hugonga ukingo wa kikombe, na hapo inafanya kazi ya mtarimbo: inakichomoa kichwa.

"Sasa si ungenipa kikubwa!"

"Mifupa yako ni myembamba, mama. Kikombe kilichokuenea ni kidogo. Ningetia kichwa kikubwa humo, plastiki ya kati ingekuwa nyembamba mno, ingeweza kupasuka. Wifi yako ana nafasi. Na yeye pia anaweza kuchomoka, asikudanganye mtu. Uwezekano wake ni mdogo tu kuliko wako."

Akaniambia iko aina nyingine, kichwa kidogo kinachozunguka ndani ya kikubwa, na hicho kikubwa nacho kinazunguka ndani ya kikombe. Ngumu zaidi kuchomoka. Macho yalinitoka. Nikamwambia aniwekee hiyo, hata leo.

"Kuchomoka mara moja hakutoshi kunifanya nikupasue tena," akasema. "Nenda ukatii masharti."

Maisha yangu yote nimeringia wembamba wangu mbele ya wifi. Usione vyaelea, vimeundwa, na vyake vimeundwa kumfaa yeye.

Nilirudi nyumbani, nimenuna. Harusi inakaribia, pindo lina pini moja. Nilimwambia wifi, kwa shida, kwamba ashike yeye. Nilisema nikiangalia dirishani.

Aliondoa mikasi na mabaki ya vitambaa kwenye meza ya kukatia, akafuta vumbi, akalaza kigurudumu cha uzi katikati kuona kama kitabingirika. Hakikubingirika. Akamwita mwanangu.

"Vaa viatu, mama. Panda mezani."

"Mezani?" nikasema. "Pindo hupimwa sakafuni!"

"Sakafu ndiyo hiyo, wifi. Imepanda tu."

Miaka yote hiyo nimechuchumaa miguuni kwa watu mpaka nyonga ikasagika, na meza iko palepale naegemea kiwiko, na hata wazo la meza likamjie yeye! Nilitaka kukataa kwa sababu hiyo tu. Ila mwanangu alikuwa ameshapanda, anacheka, kichwa kinakaribia dari, na kitambaa cheupe kimeshuka mbele ya uso wangu, sawa kabisa na macho yangu pale juu ya kiti changu kirefu. Wifi akanipa kopo la pini.

Nilizunguka gauni lote. Wifi alinisogezea kiti kila nilipomaliza kipande, na mikono yangu haikuwa imesahau kitu. Mwanangu alipoacha kucheka, niliona anajifuta machozi asidondoshee hariri.

Karibu na mwisho pini moja ikaniponyoka ikaanguka chini. Wifi hakungoja kuambiwa. Alichuchumaa, magoti yakafunguka, kisigino kikagusa sakafu, akaiokota na kuinuka bila kushika kitu, kama nilivyokuwa nikiinuka mimi. Akanipa.

Nikamwambia asante. Nikaibana mahali pake. Kisha nikadondosha nyingine, makusudi, nimwone tena.