Michungwa Arobaini na Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini Meneja alinitupia fungu la vijiti vikavu miguuni akaniuliza naona nini. Nilikuwa nimefika Dar es Salaam kutoka Newala wiki mbili tu kabla, na duka lile la pembejeo pale Mchafukoge ndilo pekee lililonipokea. Nikajibu kwa adabu zangu zote, "Kuni, mzee." Wenzangu wakaangua kicheko. Meneja, mtu wa Kilimanjaro asiyependa maneno mengi, hakucheka. "Hiyo ni michungwa. Imelala. Kazi yako ni kuhakikisha haiamki njiani wala haifi usingizini."

Ninyi vijana mliozoea miche ya kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vyenye udongo, huenda hamjawahi kuona miche ya mizizi wazi. Huu ni mche unaong'olewa kitaluni, ukakung'utwa udongo wote na kupukutishwa majani, ukabaki fimbo yenye mizizi inayoning'inia. Faida yake ni wepesi. Miche arobaini ya viriba ni mzigo wa gari. Miche arobaini ya mizizi wazi watu wawili wanaibeba begani. Hasara yake ni kwamba mzizi ukipigwa na jua kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, basi umekwisha. Kwa hiyo tuliichovya mizizi kwenye uji wa tope, tukaiviringishia magunia yaliyoloweshwa, na tukafunga kamba sehemu tatu: juu, katikati na chini.

Wateja wetu wengi walikuwa wafanyabiashara wa Kariakoo wenye mashamba nje ya mji na wasio na nafasi ya kuyashughulikia. Sisi tulipeleka miche, tukaipanda na kuitunza mpaka ishike. Nilikaa miaka minne chumba cha kufungashia, kisha nikahamishiwa kikosi cha shambani chini ya Fundi Mkuu, Mzaramo mmoja mzee wa swala tano aliyekuwa akiisemesha miche kama mtu anayesemesha mbuzi mkaidi. Nilichojua kuhusu miti nilikipata kwake. Alinifundisha kutandaza mizizi shimoni kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Alinifundisha kuacha mahali mche ulipobebeshwa, yaani pale kikonyo cha mchungwa kilipoungwa na shina la mlimau, pawe vidole vinne juu ya udongo, kupaka shina chokaa lisiungue na jua, kumwaga majivu kwa ajili ya mchwa, na kuzungushia miba kwa ajili ya mbuzi. Zaidi ya yote alinikataza kuutukana mti kabla haujashika. "Unasikia," alisema. Nilidhani ananitania.

Kisa ninachotaka kuwasimulia ni cha shamba la Bi Zainabu. Huyu alikuwa mjane, muuza kanga wa Kariakoo, anaishi chumba kimoja cha kupanga na meza yake ya biashara imelala humo humo ndani. Marehemu mumewe alimwachia shamba upande wa Kisarawe, na shemeji yake, Bwana Shomari, alikuwa analidai lirudi kwa ukoo kwa hoja kwamba ni pori tu, halina mti wala alama ya mtu. Baraza la kijiji likaamua litakwenda kulikagua baada ya miezi miwili. Likikuta mazao ya kudumu yameshika, shamba ni la mjane. Likikuta pori, ni la ukoo.

Bi Zainabu alikuja dukani mwenyewe akakaa kwenye gunia la mbolea. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nina umri wa kuhesabu miaka iliyobaki. Sitaki kufia kwenye chumba cha mtu. Hiyo miti ishike."

"Itashika, mama," nikamjibu, kana kwamba nilikuwa Mungu.

Asubuhi ya kusafirisha, siku ya Ijumaa, magunia yalikuwa yameisha. Meneja akaleta jora la marekani, ile nguo nyeupe nzito. Fundi Mkuu akaitazama kwa muda. "Meneja, nyeupe haifai."

"Kwa nini haifai?"

Fundi Mkuu akageukia kamba, akaanza kuzikata. Kuna mambo mtu wa pwani hayataji asubuhi, na Meneja wa watu alikuwa Mkristo wa mlimani, angejuaje? "Nguo ni nguo," Meneja akasema. "Fungeni, jua linapanda."

Tukafunga miche arobaini na mmoja wa akiba, maana kila mzigo una mche mmoja wa kuziba pengo. Kwa kuwa ilikuwa mirefu na hatukutaka ipinde, tuliilaza juu ya ubao. Siku hiyo kulikuwa na mkutano Mnazi Mmoja na barabara zilifungwa, kwa hiyo lori letu la Canter lilitusubiri ng'ambo ya pili na sisi tukabeba mzigo wetu begani, mimi mbele, Fundi Mkuu nyuma. Ulikuwa mrefu kama mtu, mweupe, umelowa, umefungwa juu, katikati na chini. Mwislamu anayesoma hapa amekwishaelewa.

Wa kwanza alikuwa muuza mitumba. Aliacha nguo zake, akasema, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," akanisogeza taratibu na kuweka bega lake. Akaja wa pili, wa tatu. Jeneza likipita haliulizwi ni la nani. Unatoa bega, unatembea hatua zako, unampisha mwenzako. "Oya, pisheni njia, msiba huo!" mtu akapiga kelele mbele. Kabla sijajua la kufanya, watu kama thelathini walikuwa wanapokezana miche yetu, na tahalili, ile "La ilaha illallah" ya mazikoni, imeshaanza.

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini utawaambiaje watu waliokwisha kuomba dua kwamba wamebeba vijiti? Wangetupiga pale pale. Mwanamume mmoja mwenye kanzu ya kijivu, aliyekuwa amebeba upande wangu, akaniinamia sikioni. "Marehemu mwanamke au mwanamume?"

"Mwanamke," nikasema. Sijui kwa nini lilitoka hilo.

"Mnazika wapi?"

Nikamtajia kijiji, kwa sababu ndiko tulikokuwa tunakwenda. Akashtuka kidogo, akatikisa kichwa, akaendelea kubeba. Mama mmoja mwenye kibanda cha nguo akatoka mbio na kanga mpya, akaufunika mzigo. "Mwanamke mwenzangu hawezi kwenda hivi," alisema huku analia. Mpaka leo sikumbuki vizuri uso wa mtu yeyote siku ile isipokuwa wa mama yule.

Tulipokwisha kutoka mjini, ndani ya Canter, Fundi Mkuu alikaza kamba za mzigo. Kisha akasema, "Umemtaja mtu. Sasa tuna mtu."

Tulifika shambani Ijumaa ile ile saa saba mchana, jua la utosi, wakati ambao wazee wetu hawakuruhusu watoto kupita penye miti mikubwa. Watu wote walikuwa wamekwenda kuswali. Wiki moja kabla tulikuwa tumechimba mashimo arobaini, futi mbili kwa futi mbili, mistari minne. Nikayahesabu kama ilivyo desturi. Yalikuwa arobaini na moja.

La arobaini na moja lilikuwa pembeni, refu, limeelekezwa kibla, udongo wake bado mbichi. Nilichungulia. Ubavuni lilikuwa limechongwa mwanandani, kile kitundu anamolazwa maiti. Hapakuwa na jembe wala mtu, na hata ndege walikuwa kimya. Niliogopa, sioni haya kusema. Nilitaka tupakie miche turudi mjini.

"Kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu," Fundi Mkuu alisema. "Likiachwa tupu litamtafuta wa kulijaza. Kwetu huzikwa mgomba." Tukatazama huku na huku. Shamba lile lilikuwa tupu, hakuna mgomba hata mmoja. Akachukua mche wa akiba, akaukatia kipande cha marekani akauvika, juu yake akazungusha kanga ya yule mama. Mimi nikashuka shimoni kuupokea.

Mche wa mizizi wazi hauzidi uzito wa mwamvuli. Ule ulinielemea. Nilimwita Fundi Mkuu ashike upande wa pili, naye akashuka bila kuuliza, na ilibidi tupumzike kabla ya kuulaza. Tukafukia. Miche arobaini tukaipanda kwa haraka, bila soga wala utani, na wakati wa alasiri wachimbaji wa kaburi walirudi kutoka msikitini, wakaona tuta, wakasema poleni. Walisema walipigiwa simu na ndugu mmoja kutoka mjini kwamba kuna maiti inakuja, na kwa kuwa hakutaja mahali, wakachimba hapa walipoona mashimo mapya. Hawakuuliza ni ya nani, kwa kuwa si adabu. Na sisi hatukusema.

Fundi Mkuu hakurudi tena shamba lile. Kila wiki nilikwenda peke yangu, namwagilia, naweka matandazo ya nyasi, natengeneza miba. Miche haikuamka. Nilikuwa nakwaruza gome kwa ukucha, maana ndivyo tunavyopima: rangi ya kahawia ndani ni kifo, kijani ni uhai. Yote arobaini ilikuwa kijani, na yote ilibaki vijiti. Wiki ya sita nikaona jani. Lilikuwa juu ya tuta.

Ninyi mnaojua miti mnajua kwamba mche uliolazwa futi nne chini ya ardhi hauchipui. Nilichutama nikaligusa. Lilikuwa jani la mchungwa, la kung'aa, na kando yake mengine mawili. Siku iliyofuata nikamweleza Meneja. Alinitazama kwa huruma akaniambia nipumzike siku mbili.

Siku ya baraza tulisimama shambani tena jua likiwa katikati. Mwenyekiti wa baraza alipita mstari kwa mstari. Nikakwaruza gome mbele yake, nikamwonyesha kijani.

"Hata fimbo iliyokatwa jana ina ubichi," akasema. "Sheria yetu ni miti iliyoshika. Mimi naona kuni."

Bi Zainabu alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake kwa mikono miwili. Alinitazama mimi tu. Kisha Mwenyekiti akafika kwenye tuta lenye majani mabichi, akasimama. "Na hapa pana nani?"

Kila mtu anajua ardhi yenye kaburi haigombewi. Neno moja lingetosha. Neno jingine, la kweli, lingeniaibisha mimi na duka na kumwacha mjane na fimbo arobaini. Kabla sijachagua, mwanamume mmoja akajitokeza kati ya watu wa ukoo. Alikuwa Bwana Shomari, mdai mwenyewe, na ndiyo kwanza namwona. Lakini kanzu ya kijivu niliijua.

"Huyu namfahamu," akasema, ananionyesha mimi. "Ndiye aliyekuwa mbele. Jamani, mimi huyu mwanamke nimembeba kwa bega langu, pale Mnazi Mmoja. Niliposikia anazikwa kijijini kwetu, nikapiga simu wachimbe. Sikujua ni shamba hili." Akalitazama tuta, machozi yakamlengalenga. "Siwezi kumbeba mtu leo nikamfukuza kesho. Mwenyekiti, andika. Shamba silidai tena."

Mwenyekiti akanigeukia. "Ni kweli kuna marehemu hapa?"

Nikainamisha kichwa. Wakakichukulia kama ndiyo, na mimi nikawaacha wakichukulie.

Walipoondoka nilimweleza Bi Zainabu kila kitu. Alicheka mpaka akakaa chini, na cheko likageuka kilio. "Nyamaza nalo," aliniambia. "Mimi nimepata pangu. Nyamaza nalo mpaka ufe." Siku nne baadaye mvua ikanyesha usiku kucha, na ndani ya wiki ile michungwa yote arobaini ikaamka, kila fimbo na majani yake. Kama ningefungua mdomo nikaliomba baraza siku kumi tu, mama yule angepata shamba lake kwa haki. Hilo linaniuma kuliko yote niliyoyakosea kazini.

Baadaye Meneja alinipandisha cheo, nikapelekwa kusimamia kitalu cha milimani, na huko ndiko nilikostaafia. Nikiwausia vijana ninyi, ni haya tu: funikeni mizizi, na mti uliolala upeni muda, maana haraka yenu si yake.

Bi Zainabu amejenga nyumba yake pale na anaishi humo, sasa ni ajuza. Mchungwa wa kwenye tuta umekuwa mkubwa kuliko wenzake. Matunda yake hayachumwi, yanaachwa yaanguke. Bwana Shomari huja kila Ijumaa baada ya swala, anang'oa magugu na kusoma Yasini. Nilipokwenda kuwasalimia baada ya kustaafu nilimkuta hapo. Amezeeka, macho yamefifia. Akanishika mkono.

"Mzee mwenzangu, miaka yote hii namwombea 'marehemu' tu. Niambie jina lake, nimwombee kwa jina."

Sikuwa nimejiandaa. Mama yangu alifariki Newala nikiwa chumba cha kufungashia. Mzigo wa miche ulikuwa umeingia, Meneja akaniomba siku tatu, nami nikampa. Nilipofika kijijini nilikuta udongo umekauka, na wote walikwisha kumbeba isipokuwa mimi.

"Asha," nikamwambia. "Asha binti Mfaume."

Akalirudia mara mbili ili asilisahau, akafungua viganja. Tangu siku hiyo, Ijumaa ninayopata nauli huwa naenda Kisarawe, nakaa kando yake kwenye nyasi, na akimaliza dua naitikia amina.