Kijiti cha Shangazi

Ikifika saa kumi jioni miguu yangu haikai. Hata nikiwa nageuza kahawa kwenye mkeka, hata nikiwa na mgeni sebuleni, nasimama. Wajukuu wameshazoea. Mgeni asiyejua hudhani amefukuzwa.

Kilichoizoesha hivyo ni uwanja wa chuo cha ualimu, hapa Karagwe. Chuoni niliingia kama mpishi, maana shule niliishia darasa la nne. Mkufunzi wa michezo wa wakati ule aliomba majivu ya jikoni kwangu ili achore mistari ya kukimbilia, nami niliyapeleka mwenyewe kwa ndoo, kwa sababu wanachuo walikuwa wanamwaga nusu njiani. Nikishayatua nasimama kidogo, natazama. Siku moja nikamwambia, "Yule wa Rugera anaanza kichwa juu kama anatafuta mbuzi. Mwambie atazame chini." Akamwambia, na binti akamaliza wa kwanza.

Mkufunzi alipohamishwa aliniachia filimbi yake. Kwetu mwanamke hapigi mluzi, basi marehemu mume wangu akauliza kama na nyumbani nitapuliza. Nikamwambia akichelewa kula, ndiyo.

Ni miaka mingi sasa. Wasichana wangu wamekwenda kanda, wengine taifa, na vikombe vyao vimejaza kabati la mkuu wa chuo. Halafu mwaka jana akaja mkuu mpya, mtu mstaarabu. Aliniita ofisini, akanipa shikamoo kabla sijakaa.

"Bibi, wakaguzi wananiuliza kocha wangu ana cheti gani. Niwajibu nini?"

"Wajibu ana vikombe."

Alitabasamu, lakini hakuacha. "Kikombe cha mbio za kupokezana vijiti hakimo humu kabatini. Kilete hicho, nipate la kuwaambia. Ukikikosa, filimbi nampa mkufunzi mwenye cheti."

Nilitoka pale nikawa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Naonja maharage, nafunika chungu, natoka mlangoni kutazama uwanja, narudi, nimesahau kama nilitia chumvi. Kwa sababu wasichana wanne wenye mbio nilikuwa nao. Lililonishinda lilikuwa kati ya wa tatu na wa nne.

Wa tatu alikuwa mwaka wa kwanza, ametoka Kimuli, anakata kona vizuri kuliko wote niliowahi kuwaona. Wa nne alikuwa shangazi yake. Shangazi wa kweli, mdogo wa mwisho wa baba yake, ingawa wamepishana miaka miwili tu na wamekulia boma moja. Binti anakuja na kona hiyo, vumbi nyuma, halafu akimfikia shangazi anapunguza mwendo, anakunja goti, anatoa kijiti kwa mikono miwili.

"Unampa chai?" nikamuuliza.

"Hapana, Bibi."

"Sasa goti la nini?"

"Mikono inakwenda yenyewe, Bibi. Na goti."

Shangazi mtu naye alikuwa amechoka. "Nimemwambia anichape nacho kiganjani. Hawezi. Ataniua kwa heshima huyu."

Wenzao wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nilimfunga binti mkono mmoja nyuma kwa kipande cha kitenge. Mkono ukatulia, goti likakunjika vilevile. Nikawabadilisha nafasi, na kona ikamshinda kila niliyemweka. Nikamkaripia binti wa watu mpaka akalia, na hapo nikajionea haya, kwa sababu binti zangu mwenyewe niliwafundisha goti hilohilo, tena kwa mwiko.

Zilipobaki siku nne kufika mashindano, mkwe wangu, mke wa kijana wangu mkubwa, alinikuta kibanjani napunguzia migomba majani. Akapiga goti, akaniamkia, akauliza habari za mgongo, za ng'ombe, za chuo. Nikaitikia zote. Aliposimama tu akasema, "Mama, hayo majani unayakata vibaya, mkungu utapigwa na jua." Akaninyang'anya panga mkononi. Nikabaki namtazama. Dakika ileile alikuwa chini, na sasa ananipokonya panga, na wala hajanikosea adabu. Alishaniamkia. Kazi ikaendelea.

Sikungoja saa kumi. Nilikwenda chuoni na tope miguuni, nikamtoa binti na shangazi yake bwenini.

"Piga goti sasa," nikamwambia wa Kimuli. "Mwamkie shangazi yako vizuri, umalize yote. Ukishasimama huna deni naye mpaka kesho."

Akamwamkia. Shangazi akaitikia. Wakakimbia. Mara ya kwanza goti lilicheza kidogo, mara ya tatu halikucheza. Mara ya tano shangazi akapiga kelele kwamba kiganja kinamuuma, nami nikamwambia nyamaza.

Siku ya mashindano sikuweza kukaa na wengine. Nilizunguka uzio mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Binti alipiga goti palepale kwenye nyasi, mbele ya vyuo vyote. Watu wakacheka. "Shikamoo, shangazi." Shangazi alikuwa anafungua mdomo, kipaza sauti kikaita wakimbiaji kwenye nafasi zao, wakatawanyika. Hakuitikia. Salamu isiyoitikiwa haijaisha.

Nilisimama karibu na pale pa kupokezana. Wa kwanza alitoka vizuri, wa pili akapitwa na mmoja. Binti wa Kimuli akachukua kona, akamfikia yule wa mbele, wakaja bega kwa bega. Nilitazama goti lake, sikutazama kingine. Shangazi akaanza kukimbia bila kugeuka, mkono nyuma, na alipopigwa na kijiti kiganjani nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Marahaba," huku anaondoka.

Tulishinda kwa kifua.

Jumatatu mkuu akaniita. Kikombe kilikuwa mezani, bado hajakipatia nafasi kabatini. Alikuwa na simu sikioni, akanipa. Ni baba wa binti, kutoka Kimuli.

"Shikamoo, Bibi. Nimetumiwa picha kwenye simu. Mwanangu anamchapa dada yangu kwa fimbo."

"Marahaba. Alimwamkia kwanza?"

"Sikuona mwanzo."

"Basi waulize. Na dada yako aliitikia."

Nilimrudishia mkuu simu yake. Akaniambia niendelee na filimbi, lakini wakaguzi watarudi mwakani, na cheti bado watakiuliza. Nikamwambia watanikuta uwanjani. Ilikuwa imebaki nusu saa kufika saa kumi, na majivu nilikuwa bado sijachota.